Nani Huamua? Haki za Kisheria za Wazazi katika Elimu Maalumu ya Watoto wenye Ulemavu: Mtazamo kutoka Sekta ya Nyakabuye, Wilaya ya Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Sheria za Rwanda zinatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu, na zinamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto huyo anasoma. Hata hivyo, zinasema machache kuhusu nafasi ya mzazi wakati unapofanywa uamuzi kama mtoto atasoma katika shule ya jirani au atapelekwa katika shule maalumu. Makala haya yanaeleza haki hizo kwa kuzisoma sheria kuu za nchi pamoja na mikataba ya kimataifa, na yanaichukua sekta ya Nyakabuye kuwa mahali pa kuzitazamia. Hoja kuu ni kwamba haki ya elimu ni ya mtoto, na haki ya mzazi ni ya utaratibu: kuarifiwa, kusikilizwa, kupewa uamuzi kwa maandishi na kuupinga. Makala yanaonyesha kuwa misingi ya haki hiyo imo tayari katika sheria zilizopo, na yanapendekeza hatua chache za kuiunganisha.

Maneno muhimu: elimu maalumu, elimu jumuishi, haki za wazazi, ulemavu, Rwanda

1.0 Utangulizi

Nyakabuye ni mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, eneo ambalo kwa muda mrefu lilijulikana kwa jina la Cyangugu. Ipo karibu na tambarare ya Bugarama, si mbali na mipaka ya Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na wengi huijua kwa chemchemi zake za maji moto, Amashyuza. Mkazi wa hapa mwenye shida katika ofisi za wilaya huelekea Kamembe. Lakini mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake anafaa kusoma katika shule maalumu huenda akalazimika kutazama mbali zaidi. Kituo cha Gatagara, kilichoanzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, kipo Nyanza. Shule ya watoto wasioona ya Kibeho, iliyofunguliwa mwaka 2008, ipo Nyaruguru. Zote mbili ziko Mkoa wa Kusini, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe.

Jiografia hii ndiyo inayolipa suala la kisheria uzito wake. Kauli fupi ya mwalimu mkuu kwamba mtoto "hawezi kusoma na wenzake" huweza kumaanisha mtoto wa miaka saba kuishi mbali na nyumbani kwa muhula mzima, au kubaki nyumbani bila shule kabisa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu nchini Rwanda watu 391,775 wenye ulemavu wenye umri wa miaka mitano na kuendelea, sawa na asilimia 3.4 ya watu wa umri huo. Kila mtoto aliyemo katika hesabu hiyo ana mzazi au mlezi aliyewahi, au atakayewahi, kusimama mbele ya meza ya shule akiuliza kama mwanawe atapokewa.

Swali la makala haya ni hili: uamuzi huo unapofanywa, sheria inampa mzazi nini mkononi? Majibu yanatokana na usomaji wa sheria na sera, na Nyakabuye inatumika hapa kama mahali pa kupimia iwapo haki iliyoandikwa Kigali inafikika kwa mtu anayeishi mwisho wa barabara.

2.0 Istilahi za msingi

Tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda kwa sheria ya mwaka 2017, haja ya kuwa na istilahi thabiti za kisheria imeongezeka. Tunatumia "elimu maalumu" kwa maana ya elimu inayotolewa kwa mbinu, vifaa au walimu waliotayarishwa kwa mahitaji ya mtoto, popote inapotolewa. "Elimu jumuishi" ni mfumo ambamo shule ya kawaida hubadilika ili impokee kila mtoto wa eneo lake. "Marekebisho stahiki" ni mabadiliko yanayofanywa kwa ajili ya mtoto fulani: kumhamishia darasa la ghorofa ya chini, kumwongezea muda wa mtihani, kumwandalia maandishi ya nukta nundu au kumtafutia mtu anayejua lugha ya alama.

Tunatofautisha pia aina mbili za haki. Haki ya msingi humpa mtu kitu chenyewe, kwa mfano elimu. Haki ya utaratibu humpa mtu nafasi katika njia ya kukifikia kitu hicho: kupata taarifa, kusikilizwa, kupewa sababu, kukata rufaa. Mjadala juu ya haki za wazazi huvurugika mara nyingi kwa sababu aina hizi mbili huchanganywa.

3.0 Haki ni ya nani?

Sheria za kimataifa hazikutoa jibu moja kwa swali hili tangu mwanzo. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 26, liliwapa wazazi kipaumbele katika kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa mwaka 1966 uliendeleza wazo hilo kwa kulinda uhuru wa wazazi wa kuchagua shule nyingine badala ya zile za serikali. Katika mtazamo huo, mzazi alionekana kama mlinzi wa familia dhidi ya dola inayotaka kuwafunda watoto wote kwa namna moja.

Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 uliingia na hoja tofauti. Ibara yake ya 24 inazitaka nchi zihakikishe kwamba watoto wenye ulemavu hawatengwi na mfumo wa elimu kwa sababu ya ulemavu wao, na kwamba wanapata marekebisho stahiki. Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo, katika Maoni yake ya Jumla Namba 4, ilieleza wazi kuwa elimu jumuishi ni haki ya mwanafunzi mwenyewe; majukumu ya mzazi yako chini ya haki ya mtoto. Sababu yake inaeleweka. Wapo wazazi ambao, kwa aibu, kwa hofu au kwa kukata tamaa, humficha mtoto ndani. Kama haki ingekuwa yao, wangeweza kuikataa kwa niaba yake.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuusoma msimamo huo kana kwamba unamwondoa mzazi mezani. Mtoto wa miaka saba hawezi kuandika barua kwa mkurugenzi wa elimu wa wilaya. Hawezi kudai ripoti ya upimaji wake. Haki yake hutembea kwa miguu ya mtu mzima, na mara nyingi mtu huyo ni mama yake. Kwa hiyo, kadiri tunavyosisitiza kuwa haki ni ya mtoto, ndivyo tunavyolazimika kumpa mzazi nyenzo za kuitetea. Haki ya msingi ni ya mtoto. Haki ya utaratibu inamhitaji mzazi.

4.0 Sheria za Rwanda zinasema nini

Katiba ya Rwanda ya mwaka 2003, kama ilivyorekebishwa, inatamka katika ibara ya 20 kwamba kila Mnyarwanda ana haki ya elimu, na kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na hutolewa bure katika shule za umma. Ibara ya 16 inakataza ubaguzi, ukiwemo ule unaotokana na ulemavu wa mwili au wa akili. Ibara ya 18 inawapa wazazi wote wawili haki na wajibu wa kuwalea watoto wao. Ibara hizi tatu zikisomwa pamoja zinatoa picha ambayo kila moja peke yake haiwezi kuitoa. Neno "lazima" kwa kawaida husomwa kama amri kwa mzazi: mpeleke mtoto shuleni. Lakini ulazima una pande mbili. Serikali haiwezi kumlazimisha mzazi kumpeleka mtoto mlangoni, kisha shule ya umma ikaufunga mlango huo kwa sababu ya ulemavu ambao Katiba inakataza kuufanya msingi wa ubaguzi.

Sheria Namba 01/2007 ya tarehe 20 Januari 2007, inayohusu ulinzi wa watu wenye ulemavu kwa jumla, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya elimu inayolingana na hali ya ulemavu wake. Inaongeza kuwa yule asiyeweza kusoma pamoja na wengine awezeshwe kusoma katika shule maalumu yenye walimu waliohitimu na vifaa vinavyofaa. Mwaka 2008, tarehe 15 Desemba, Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu pamoja na Itifaki yake ya Hiari. Katika mpangilio wa sheria za nchi, mkataba ulioridhiwa huwa juu ya sheria ya kawaida. Maana yake ni kwamba sheria ya 2007 haina budi kusomwa kwa mwanga wa ibara ya 24, na maneno "asiyeweza kusoma pamoja na wengine" hayawezi kutumiwa kabla ya shule kujaribu marekebisho stahiki.

Baadaye zilifuata Sheria Namba 71/2018 ya ulinzi wa mtoto, inayosisitiza maslahi bora ya mtoto, na Sheria Namba 010/2021 ya tarehe 16 Februari 2021 inayoratibu mfumo wa elimu, ambayo inaitambua elimu ya mahitaji maalumu na elimu jumuishi. Kwa upande wa sera, Wizara ya Elimu ilitoa sera ya elimu ya mahitaji maalumu mwaka 2007, na sera iliyorekebishwa, yenye mkazo zaidi juu ya ujumuishi, mwaka 2018.

5.0 Pengo: uamuzi usio na mwenyewe

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Nyakabuye ana mtoto kiziwi wa miaka saba. Anampeleka katika shule ya msingi iliyo karibu. Mwalimu mkuu, kwa upole na pengine kwa nia njema, anamwambia kwamba shule haina mwalimu anayejua lugha ya alama, na kwamba mtoto angefaidika zaidi katika shule ya viziwi. Hakuna kilichoandikwa. Mama anarudi nyumbani na mtoto.

Kisheria, nini kimetokea hapo? Kwa mtazamo wa shule, ushauri umetolewa. Kwa mtazamo wa mkataba, huenda mtoto amebaguliwa, kwa kuwa kunyimwa marekebisho stahiki huhesabiwa katika ibara ya 2 kuwa aina ya ubaguzi. Kwa mtazamo wa kumbukumbu za wilaya, hakuna lililotokea: mtoto hakuandikishwa, basi hakukataliwa. Wakati huohuo, kiongozi wa kijiji anayehesabu watoto walio nje ya shule atamkuta mama huyu na kumhesabu miongoni mwa wazazi wasiotimiza wajibu wao.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Sheria ya 2007 inazungumzia mtoto asiyeweza kusoma na wengine, lakini katika kifungu hicho haimtaji anayeamua kwamba hawezi, wala haimpi mzazi kiti katika uamuzi huo. Upimaji wa kitabibu hauwezi kuziba pengo hili. Daktari hupima kiwango cha usikivu wa sikio. Hapimi kama darasa fulani linaweza kubadilika. Uamuzi wa kielimu huhitaji mwalimu, mtaalamu na mtu anayemjua mtoto kila siku, yaani mzazi.

Gharama nazo huongeza uzito wa uamuzi. Mwongozo wa serikali wa Septemba 2022 uliweka mchango wa mzazi kwa chakula cha shule ya msingi ya umma kuwa faranga 975 kwa muhula. Mtoto akihamishiwa mbali, familia hubeba nauli, malazi na mahitaji ya bweni. Hivyo kauli ya mdomo ya dakika tano huweza kuligeuza jambo ambalo Katiba imelitangaza kuwa bure kuwa jambo ambalo familia ya mkulima mdogo haiwezi kulimudu.

6.0 Njia zilizopo tayari

Licha ya pengo hilo, mzazi hayuko mikono mitupu. Zipo njia tano ambazo, zikijulikana na kupangwa vizuri, zinaweza kumfikisha mbali.

Ya kwanza ni kuomba uandikishaji na majibu kwa maandishi. Sheria Namba 04/2013 ya tarehe 8 Februari 2013 inampa kila mtu haki ya kupata taarifa kutoka taasisi za umma, na ombi laweza kutolewa kwa mdomo au kwa maandishi. Mzazi anaweza kuitumia kuomba aonyeshwe uamuzi kuhusu mtoto wake na sababu zake. Ombi hili dogo hubadilisha hali nzima, kwa kuwa kauli isiyo na maandishi haina pa kukatiwa rufaa.

Ya pili ni ngazi za utawala. Kila sekta ina afisa anayeshughulikia elimu, na juu yake kuna ofisi ya elimu ya wilaya. Sheria ya mwenendo wa mashauri ya mwaka 2018 inamtaka anayepinga uamuzi wa kiutawala alalamike kwanza ndani ya utawala wenyewe kabla ya kwenda mahakamani. Kwa hiyo barua kwa ofisi hizo ni hatua ya lazima ya kisheria. Haipaswi kuchukuliwa kama ombi la fadhila.

Ya tatu ni Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, ambalo lina kamati hadi ngazi za chini za utawala. Mwakilishi wa baraza katika sekta anaweza kumsindikiza mzazi shuleni, na uwepo wake pekee huwakumbusha wote kwamba suala lililo mezani ni la kisheria.

Ya nne ni msaada wa kisheria. Ofisi za upatikanaji wa haki zilizo chini ya Wizara ya Sheria zipo katika wilaya zote 30 za nchi, Rusizi ikiwemo, na huwasaidia bila malipo wasio na uwezo. Kamati za wapatanishi, abunzi, ziko karibu zaidi na wananchi, lakini ziliundwa hasa kwa migogoro baina ya watu na jirani zao. Mzazi anayepinga uamuzi wa shule ya umma aelekezwe mapema kwenye ofisi inayohusika, asije akapoteza muda kwa kubisha mlango usio wake.

Ya tano ni mkutano mkuu wa shule na kamati yake, ambamo wazazi wana uwakilishi. Pale ambapo mzazi wa mtoto mwenye ulemavu ni mjumbe, masuala kama njia ya kupitisha kiti cha magurudumu au choo kinachofikika huingia katika bajeti kabla hayajawa mgogoro.

7.0 Mafunzo kutoka kwingine

Mifano mitatu inasaidia kuona kinachowezekana. Marekani ilipitisha mwaka 1975 sheria iliyowapa wazazi nafasi rasmi katika kupanga elimu ya mtoto mwenye ulemavu: taarifa ya maandishi kabla ya mabadiliko, ushiriki katika kikao cha kupanga, na haki ya kusikilizwa na mwamuzi asiyefungamana na upande wowote. Mwaka 2007, katika shauri la Winkelman, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba wazazi wana haki zao wenyewe chini ya sheria hiyo, mbali na zile za mtoto. Nguvu ya mfumo huo ni uwazi wake. Udhaifu wake ni kwamba humnufaisha zaidi mzazi mwenye fedha za wakili. Nyakabuye inahitaji uwazi huo bila gharama hizo.

Afrika Kusini inatoa somo la pili. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Western Cape iliamua, katika shauri lililofunguliwa na jukwaa la mashirika yanayowahudumia watu wenye ulemavu wa akili, kwamba serikali ilikiuka Katiba kwa kutowapatia elimu ya kutosha watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili, na haikukubali uhaba wa fedha kuwa udhuru. Somo lake ni kwamba wazazi wakiungana chini ya chombo kimoja hufika mahali ambapo mzazi mmoja hawezi kufika.

Somo la tatu liko karibu nasi. Kenya ilianzisha vituo vya upimaji na rasilimali za elimu kuanzia mwaka 1984, ili upimaji wa kielimu ufanyike karibu na wazazi na kuongozwa na watu wa elimu. Upungufu wa wataalamu na vifaa hauondoi thamani ya wazo lenyewe: swali la kielimu lijibiwe na watu wa elimu, mzazi akiwepo.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, Wizara ya Elimu itoe mwongozo mfupi unaoitaka kila shule inayosita kumpokea mtoto mwenye ulemavu kujaza fomu ya ukurasa mmoja. Fomu hiyo ieleze mtoto anahitaji nini, shule imejaribu marekebisho gani, nani walishiriki katika uamuzi, na mzazi akate rufaa wapi na ndani ya muda gani. Nakala moja abaki nayo mzazi, nyingine iende kwa afisa elimu wa sekta. Fomu iwe kwa Kinyarwanda, na katika maeneo ya mpakani iwepo pia kwa Kiswahili.

Pili, mtoto aandikishwe kwanza, mashauriano yafuate. Jina likiwemo katika daftari la shule, uzito wa kuthibitisha unahama kutoka kwa mzazi kwenda kwa taasisi.

Tatu, mtoto asihamishiwe shule maalumu iliyo mbali bila mzazi kusikilizwa na bila mtoto mwenyewe kuulizwa kwa kadiri ya umri wake. Uhamisho huo upitiwe upya kila mwaka, kwa kuwa mahitaji ya mtoto na uwezo wa shule ya nyumbani hubadilika.

Nne, viongozi wa vijiji wanaofuatilia watoto walio nje ya shule wawe na safu mbili katika orodha zao: mtoto ambaye mzazi hakumpeleka, na mtoto ambaye shule haikumpokea. Wote wawili wakiwekwa katika safu moja, sera hutibu ugonjwa usiokuwapo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba haki ya elimu nchini Rwanda ni ya mtoto, na kwamba Katiba, mkataba wa kimataifa na sheria za nchi zinaiunga mkono kwa maneno ya wazi. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuuliza na kujibu katika hatua moja ndogo lakini nzito: pale shuleni, siku ya kwanza. Waswahili husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na methali hiyo humtwika mzazi dhamana kubwa. Anayebebeshwa dhamana hiyo anastahili kuwepo uamuzi unapofanywa, na kuondoka na karatasi inayoonyesha nani ameamua, kwa sababu gani, na wapi pa kukata rufaa. Karatasi hiyo haihitaji bajeti kubwa wala sheria mpya. Kwa mzazi wa Nyakabuye, inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mtoto anayekwenda shule kila asubuhi na anayebaki nyumbani.